Kimya cha Upande wa Pili wa Kaseti

Wenzangu wa chumba cha mitambo, mliniomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya kazi kabla sijasahau. Namshukuru Mungu kwamba bado nakumbuka, ingawa liko jambo moja ambalo ningefurahi kulisahau. Sitaeleza nilipandishwa cheo lini. Mara ya mwisho niliambiwa mimi ni mkuu wa idara, nikageuka nikaona idara yenyewe ni mimi na feni.

Nilitoka kwetu Embu nikiwa kijana mwenye cheti cha ufundi wa redio na hofu nyingi. Studio ya kanisa ilikuwa Meru mjini, chumba kimoja nyuma ya ofisi. Kuta zilitundikwa magunia ya viazi ili yanyonye mwangwi, na kila mvua iliponyesha kwaya ziliimba katika harufu ya shamba. Aliyenipokea ni Mwalimu Muriungi, aliyekuwa amefundisha kwaya kabla hajawa fundi wa sauti. Siku ya kwanza hakunionyesha mtambo wowote. Alinipa waya ulioviringana kama utumbo wa mbuzi, akaniambia niukunje. Nilipomaliza aliufungua wote, akautupa chini, akaniambia nirudie. Tulifanya hivyo hadi saa ya chai. Jioni nilijua kukunja waya, na pia nilijua nimepata mwalimu.

Alinifundisha mambo mawili ambayo lazima niyaeleze, kwa sababu kisa changu chote kimeketi juu yake.

La kwanza ni kipimo cha kumi. Kila ukilehemu waya mpya wa maikrofoni, unaweka maikrofoni yake kando ya nyingine unayoiamini, unazichanganya ziwe sauti moja, halafu unahesabu moja hadi kumi. Sauti ikinenepa, waya ni mzima. Sauti ikikonda au kupotea, umezipishanisha nyuzi mbili za ndani. Sauti ni hewa inayosukumwa na kuvutwa. Nyuzi zikipishana, maikrofoni moja inasukuma wakati mwenzake anavuta. Ukizipa kila moja spika yake utazisikia zote mbili, lakini ukizimimina pamoja zinafutana, na anayepotea kabisa ni yule aliyesimama katikati yao.

La pili lilikuwa desturi yake, na sijaikuta studio nyingine. Maombi ya kufungua yakishaanza, fundi hasemi neno katika maikrofoni hadi baraka za mwisho. Hakuna kugonga, hakuna kupuliza, hakuna moja-mbili. Mwalimu alisema mahali pakishawekwa mikononi mwa Bwana, si heshima kusimama katikati ya ibada ukihesabu kama mtu wa mnada. Niliipenda sheria hiyo, na bado naipenda. Ndiyo iliyoniponza.

Miaka yangu ya mwanzo tulipata mashine ya utepe yenye chaneli nne, yaani njia nne za sauti zisizochanganyika. Ilitoka kwa marafiki wa kanisa walio ng'ambo, waliotaka sahani ya santuri ya mkutano wetu mkubwa wa injili, ya kuchezwa kwa spika nne: mbili mbele ya msikilizaji na mbili nyuma yake, ili ajione yumo ndani ya hema. Wakati huo hata wenyewe walikuwa wameanza kuzichoka spika nne, nadhani ndiyo sababu walikuwa na mashine ya kugawa. Sisi tungewatumia nakala ya utepe wakachapishe sahani huko, na hapa nyumbani tungetoa kaseti ya kawaida, ya stirio, yenye njia mbili tu.

Hema lilisimamishwa pembeni mwa mji. Tuliweka maikrofoni mbili jukwaani na mbili nyuma, tukazitundika kwenye nguzo, kila moja upande wake. Za nyuma hazikuungwa kwenye vipaza sauti vya hema. Kazi yake ilikuwa kuingiza umati kwenye utepe tu. Niliangika zote mbili mwenyewe. Chini yake, katikati kabisa, penye nguzo kuu ya nyuma, alikuwa amekwisha simama mkulima mmoja wa viazi kutoka Kibirichia, mzee M'Ikiara. Namwita mzee kwa heshima ya leo, siku hiyo alikuwa hajafika miaka hamsini. Alinishikia ngazi.

Kila mtu alijua kwa nini amekuja. Mwaka uliotangulia, jirani yake aliyeitwa Mutuma, dereva wa lori, alikuwa akirudi kinyumenyume kwenye soko la viazi akamgonga mtoto wa kwanza wa M'Ikiara, mtoto akafa palepale. Mutuma akaacha kunywa, akaokoka, na siku hiyo alikuwa amepewa nafasi ya kuomba msamaha mbele ya watu wote. M'Ikiara alikuwa ameambiwa aketi mbele. Alikataa, akasema mbele kuna macho mengi.

Sasa, wakati mhubiri alipokuwa katika maombi ya kufungua, mbuzi mmoja wa sadaka alijinasua kwenye kamba akautafuna waya wa maikrofoni ya nyuma upande wa kulia. Aliutafuna kwa utulivu, kama anayesikiliza. Nilikimbia nikachukua waya wa akiba, niliokuwa nimeulehemu jana yake kwa haraka na sijaupima. Nikauchomeka. Nikaona mshale wa kupima sauti ya chaneli ya nne unacheza, nikashukuru. Kipimo cha kumi kilihitaji nihesabu kwa sauti, na maombi yalikuwa yameshaanza. Nikamtazama Mwalimu. Aliweka kidole midomoni.

Mutuma alikiri. Alilia mpaka maneno yakawa hayafuatani. Mhubiri akaita nyuma kwa kipaza sauti mara tatu: "M'Ikiara, ndugu yako amenena. Umemsamehe?" Mimi nilikuwa kwenye mashine, masikioni nikisikiliza chaneli za mbele peke yake, kama nilivyoagizwa. Nilisikia wito wa tatu, halafu nikasikia kimya cha kama pumzi tatu, kisha kiongozi wa kwaya akaingiza wimbo, nadhani kwa huruma.

Kutengeneza kaseti kulituchukua wiki mbili. Vijana, mnaotengeneza stirio kwa kubofya, niwaeleze tulivyofanya, maana hapo ndipo matoleo haya mawili yalipoachana. Katika toleo la spika nne hakuna kilichochanganywa. Kila chaneli ilikwenda kama ilivyo. Mvua iligonga turubai nyuma yako, mtoto alilia begani kwako la kushoto, akina mama walipiga vigelegele kutoka pembe hadi pembe. Katika kaseti tulikuwa na njia mbili tu. Mwalimu alichukua chaneli mbili za nyuma akazimimina kuwa moja, akaiweka katikati, chini kidogo ya kwaya. Ngoma nazo akazivuta katikati. Akakata ubeti mmoja wa wimbo wa nne ili upande wa kwanza utoshe, na mwimbaji wa ubeti huo hakumsalimia tena hadi kifo.

Aliposikiliza alikunja uso. Akasema watu wa nyuma wamekonda, sijui ni turubai lililolowa limewanyonya. Nilikubaliana naye kwamba ni turubai. Nilikuwa mgeni wa kazi, na turubai halikuwa na mdomo wa kujitetea.

Toleo la spika nne lilikwenda ng'ambo likasikilizwa na watu wasiojua Kiswahili wala Kimeru. Zilirudishwa sahani mbili kama zawadi, moja ikawekwa kwenye fremu ofisini, ikatundikwa juu ya kabati. Katika Meru nzima sikumjua mtu mwenye spika nne zinazolingana. Kaseti ndiyo iliyobaki nyumbani. Iliuzwa kuanzia Embu hadi Kangeta, ikachezwa madukani na harusini. Na kila mwenye kaseti alijua upande wa pili, baada ya wimbo wa pili, kuna wito mara tatu, halafu kimya. Watu walinyamaza kwenye duka ili wakisikie kile kimya. Wahubiri walikifanya mfano. Walisema: sikiliza moyo mgumu unavyolia.

Waliosimama karibu na M'Ikiara walisema alijibu. Walikuwa wachache, na wengine ni jamaa zake. Wakaambiwa kaseti haina ujamaa na mtu.

Mwaka wa tatu baadaye nilikuwa nikikarabati nyaya za zamani. Nilifungua kichwa cha ule waya wa akiba, nikaona nyuzi zimepishana. Kazi ya mikono yangu, risasi yangu ya kulehemia, hata alama ya kidole changu ilikuwa pale.  Nilijua palepale, bila kuambiwa na mtu, kwamba yeyote aliyesema neno katikati ya hema, nyuma, tulimfuta. Na nilijua nani alisimama pale.

Ningeweza kufungua sanduku la utepe wa asili wa mkutano ule, lililobaki kwetu, siku hiyohiyo nikasikiliza chaneli ya tatu peke yake. Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Sikufungua. Mwalimu Muriungi alikuwa mgonjwa wa ugonjwa uliomchukua mwaka huo, nikajiambia sitaki kumhuzunisha. Alipokufa nilijiambia tena kwamba huenda mzee hakusema kitu, na nikifungua nitafufua maneno bure. Ukweli ni kwamba niliogopa. Sanduku likiwa limefungwa nilikuwa mtu ambaye labda amekosa. Nililehemu waya upya, nikaupima moja hadi kumi, nikaurudisha kwenye msumari wake. Nimeomba toba kwa dhambi nyingi katika maisha yangu, na hii niliizunguka kama mtu anayezunguka shimo shambani kwake, anayelijua hata gizani.

Yaliyofuata ni miaka ya kazi, na mingi ilikuwa mizuri. Nilirekodi kwaya ambazo waimbaji wake sasa ni mababu. Nilifundisha baadhi yenu. Mlinishangaa kwa nini nilipima nyaya mara tatu na kwa nini nilikataa desturi ya Mwalimu iendelee, nikawaruhusu muhesabu hata katikati ya maombi. Mliniona mkavu wa kiroho. Niliwaacha mwone hivyo.

Nilipostaafu, mchungaji alitangaza kanisani kwamba aliyerekodi kaseti ile ya zamani anapumzika. Wiki iliyofuata nilitembelewa na mwanamke wa makamo, amevaa buti zenye udongo mwekundu na sweta mbili. Alijitambulisha kuwa Karwitha, binti ya M'Ikiara wa Kibirichia. Nilimwomba aketi. 

Alinieleza kwamba baba yake yu hai, amepita miaka tisini. Miaka yote alisema alimsamehe Mutuma na alisema kwa mdomo. Mutuma alikuwa ameondoka uwanjani kabla ya ibada kwisha, na baada ya miezi michache akahamisha jamaa yake kwenda Siakago kule chini kwenye joto. Baba yake alimtuma mtu aende akamwambie kwamba alijibu, kwamba arudi. Mutuma akarudisha jibu kwamba asante, lakini kaseti anayo. Alifia huko.

"Hayo tulishazoea," Karwitha alisema. "Shida ni ya sasa. Sasa Baba mwenyewe anasema labda hakujibu. Anasema amesikia kaseti mara nyingi kuliko alivyosikia sauti yake. Amekataa meza ya Bwana. Anasema hawezi kuila kwa mkono wa mtu aliyedanganya miaka yote hii. Fundi, anaogopa kufa. Mtu aliyekuwa haogopi hata ndovu. Je, hakuna kopi nyingine?"

Nilimwambia iko, ila ni kuukuu na huenda imeharibika. Hilo lilikuwa kweli. Halikuwa kweli lote. Alinishukuru akaniachia kilo mbili za viazi, na viazi hivyo sikuweza kuvila.

Sahani ya ofisini jua lilikuwa limeipinda, na ya pili ilipotea zamani, kwa hiyo ulibaki utepe. Nilipofungua sanduku, baada ya miaka yote hiyo, utepe ulinata. Nanyi mtakutana nao, kwa hiyo sikilizeni: tepe za aina ile hufyonza unyevu, gundi inayoshika unga wa sumaku inalainika, na ukiucheza hivyohivyo unga unabaki kwenye vichwa vya mashine na sauti inabaki hapo pamoja nao. Dawa yake ni kuukausha kwa joto la nyuzi hamsini na kidogo, bila kuzidi, kwa saa nane au zaidi, halafu kuuacha upoe polepole. Baada ya hapo unaweza kuucheza, pengine mara kadhaa, pengine mara moja. Jiko la nyumbani halifai. Linapanda na kushuka kama hasira.

Dada yangu Wanja ameolewa Siakago, na kikundi chao cha akina mama kina mashine ya umeme ya kukaushia maembe. Niliuliza inafika nyuzi ngapi. Akasema hamsini na tano, wakitaka. Nikasafiri na sanduku mapajani.

Akina mama walinipokea kwa vicheko. Walikuwa wakikata maembe, na mmoja aliutazama utepe wangu wa kahawia akaniuliza, "Kaka, hili lako lilichumwa lini?" Mwingine akasema nilirudishe, limeiva kupita kiasi. Nilicheka nao. Waliniachia trei ya juu kabisa, wakafuta sukari ya maembe kwa kitambaa, nami nikauweka utepe kama mtu anayelaza mgonjwa. Nilikaa mbele ya kipimajoto kuanzia asubuhi. Kila kilipopanda kidogo nilifungua mlango, kila kiliposhuka nilifunga. Dada yangu alinilaumu kwamba sili. Sikumwambia kwamba mahali fulani katika mji ule kulikuwa na kaburi la mtu aliyekuwa na kaseti, na kwamba nilipokuwa nikishuka kwenye gari niliinamisha uso kama mwizi.

Niliporudi Meru nilisafisha vichwa vya mashine, nikaiunganisha na kompyuta ili ninakili chaneli zote nne kwa mara moja. Nilivua hedifoni. Ningeweza kusema nilitaka mzee awe wa kwanza kusikia, na katika hilo kuna ukweli. Lakini pia nilikuwa na woga uleule wa zamani. Nikaanza utepe, nikatazama mishale.

Ulipofika pale ambapo kwenye kaseti ni upande wa pili, baada ya wimbo wa pili, mishale ya mbele iliruka mara tatu kwa wito wa mhubiri. Halafu ikalala. Na ilipokuwa imelala, mishale miwili ya nyuma ilipanda pamoja, ikashuka, ikapanda tena, ikashuka.

Alisema kitu.  Miaka yote niliogopa kwamba alijibu, sasa ikanijia hofu mpya ambayo sikuwa nimeifikiria. Mshale hausemi neno. Unaonyesha kwamba mtu amefungua mdomo, hauonyeshi kama amesamehe au amelaani. Kama alisema hapana, basi kaseti ilimfichia aibu, na mimi ndiye niliyekuwa nikienda kumfunulia akiwa na miaka tisini na zaidi. Nilipiga magoti kando ya mashine. Sikujua niombe nini. Nikiomba awe amesamehe, naomba dhambi yangu iwe kubwa. Nikiomba awe hakusamehe, naombea nafsi yangu wokovu kwa gharama ya yake. Nikasema Bwana unajua, nikaamka.

Nilikwenda Kibirichia Jumatano iliyopita. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Karwitha alinisaidia kuingiza spika nne, kila moja pembe yake, tukaondoa meza na kumweka mzee kwenye kiti katikati ya chumba. Nilipima umbali kwa kamba, na chaneli ya nne nilikuwa nimeigeuza kwenye kompyuta isukume pamoja na ya tatu, kwa maana sikutaka kosa la pili. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka, lakini macho yalikuwa makali.

"Baba, huyu ni Fundi," Karwitha alimwambia.

"Wa nini?"

"Wa kaseti."

"Ile?"

"Ile."

Alinitazama. "Amechelewa," alisema, "lakini mpe chai."

Sikuweza kuinywa. Nilimweleza kwamba sauti nyingine zitatoka nyuma yake asishtuke. Akanijibu kwamba katika umri wake kila kitu kinatoka nyuma. Kisha akasema jambo ambalo limenikaa: kwamba amejitayarisha kwa yote mawili, ila asichoweza ni kufa hajui.

Nikacheza. Hema likajaa chumbani. Mvua ikaanza kugonga nyuma yetu, na Karwitha aligeuka kutazama dirisha, nje kukiwa na jua. Mutuma alilia. Mhubiri aliita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mbele kukawa kimya, kimya kilekile ambacho kila mtu hapa anakijua. Na nyuma, katikati, kwa Kimeru, si kwa sauti kubwa, mtu wa miaka isiyofika hamsini akasema:

"Nimemwachilia."

Halafu baada ya pumzi moja:

"Mwambieni arudi nyumbani."

Kwaya ikaingia. Nilizima.

Mzee alikuwa amegeuza shingo yote, anaitazama nafasi tupu kati ya spika mbili za nyuma, kama anayengoja mtu atoke hapo. Karwitha alikuwa amefunika mdomo kwa leso.  Mzee ndiye aliyeanza kusema. Alisema sasa anakumbuka: baada ya kusema, waliokuwa karibu naye walitazama juu wakaiona maikrofoni, wakatosheka kwamba imesikia. Kwa hiyo hakuna aliyekwenda mbele kumwambia Mutuma. Naye pia alitosheka.

Basi nikamwambia. Nilitaka kuanza na mbuzi, nikaona ni kujificha nyuma ya mnyama. Nilisema waya ulikuwa wangu, nimeulehemu vibaya na sikuupima. Nilisema nimejua tangu mwaka wa tatu. Nilisema sanduku lilikuwa kwenye rafu yangu, mkono ukinyooshwa linafikika.

Karwitha alishusha leso. Sura yake sikuweza kuitazama.

"Umejua," mzee alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Mutuma akiwa hai?"

"Akiwa hai."

Alinyamaza. Mimi nimefanya kazi ya kusikiliza maisha yangu yote, na sijawahi kusikiliza kitu kama nilivyosikiliza kimya kile. Nje mtu alikuwa akipakia viazi, magunia yakianguka moja moja kwenye lori.

"Mimi umenirudishia changu," alisema mwishowe. "Nakushukuru. Hata Jumapili hii nitakula meza ya Bwana, Karwitha atafute mtu wa kunibeba. Lakini wewe hukunichukulia mimi. Msamaha ulikuwa umeshatoka kwangu, ulikuwa wa Mutuma. Yeye ndiye uliyemnyang'anya, na yeye hayupo niende nimuulize." Alivuta blanketi. "Mtu aliyemuua mwanangu nilimsamehe mbele ya umati, na nilikuwa nimepewa mwaka mzima wa kujitayarisha. Wewe umenijia ghafla, na chai hujanywa. Nipe hadi Jumapili."

Nilikusanya spika zangu. Karwitha alinishikia mlango lakini hakunisindikiza hadi barabarani, na katika nyumba za huku kila mtu anajua maana yake.

Nimeandika haya tangu Alhamisi na sasa ni Jumamosi mchana. Mliniomba mashauri ya kazi, na ninayo moja tu: pimeni waya, na mkikosa kupima, semeni siku ileile. Nakala ya chaneli nne nimeiweka kwenye rafu ya pili, si ya kufungiwa. Yeyote atakayekuja na ile kaseti, mchezeeni matoleo yote mawili, mmwambie na jina langu.

Kesho nitapanda Kibirichia kwa ibada ya saa nne. Shati nimepiga pasi, viatu viko mlangoni. M'Ikiara alikaa na kimya changu zaidi ya miaka arobaini. Mimi nimeombwa nikae na chake siku nne, na tangu Jumatano sijaweza kula.